Kabla Hujanunua Tableti, Ijue Historia ya Kalamu

Kila wiki lazima mtu aniulize: "Msee, ninunue tableti gani ya kuediti picha?" Anataka nimpe jina moja na bei moja, amalize. Namuelewa. Hata mimi nilienda Luthuli Avenue hivyo hivyo, pesa imekunjwa mfukoni, nikamuuliza jamaa wa duka ipi ni kali. Akanionyesha boksi, akagonga kidole kwenye namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa: 8192. "Hii ndiyo presha yake, boss. Hakuna kitu inakushinda."

Sikujua 8192 ni ya nini. Yeye pia hakujua. Lakini ilikuwa namba kubwa, na namba kubwa huuza.

Leo sitakupa jina la tableti. Nitakupa historia, ni fupi, na ukifika mwisho utaweza kuchagua mwenyewe bila mimi na bila jamaa wa duka. Lakini kwanza nikuambie kilichonifanya nianze kuitafuta hiyo historia, maana si mimi mtu wa kusoma sana. Wanaonijua wanajua nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, hamu ikafuata.

Baada ya chuo nilianza kuediti picha za watu. Harusi, pasipoti, gradu za wale niliowaacha darasani (cheka tu, nimezoea), na mazishi. Tusidanganyane, picha za mazishi ndizo zilikuwa zinanilipia nyumba. Familia inaleta picha iliyopigwa na simu, kivuli usoni, nyuma kuna kreti za soda, na wewe unaambiwa uifanye iwe ya heshima, ya kuweka kwenye kijitabu na ile kubwa ya kusimamishwa mbele ya jeneza.

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea picha ya mzee wake. Nilikuwa na laptopu na mausi ya mia tatu. Nikaketi usiku mzima. Nikatoa kivuli, nikatoa kreti, nikasafisha ngozi, nikafuta mistari chini ya macho na ile ya kando ya mdomo. Asubuhi mzee alikuwa anang'aa kama tangazo la benki. Picha ikaenda kuchapishwa, vijitabu mia mbili.

Nilipompelekea mama, aliangalia muda mrefu. Halafu akasema polepole, bila hasira, "Kijana wangu, hii ni kazi safi. Lakini huyu si mzee wangu." Akaweka kidole kando ya mdomo. "Hapa alikuwa na mstari. Akicheka ulikuwa unaingia ndani."

Vijitabu vilikuwa vimeshatoka. Mzee akazikwa na uso niliomtengenezea mimi.

Hapo ndipo nilianza kujiuliza: wale wa zamani walikuwa wanafanyaje? Maana kila nyumba ina ile picha ya studio ya babu au nyanya, nyeusi na nyeupe, mtu amekaa wima, ngozi safi, lakini bado ni yeye. Hakuna kompyuta iliyokuwepo. Nani alisafisha huo uso, na alitumia nini?

Jibu: penseli.

Sikutanii. Mwaka 1855 kulikuwa na maonyesho makubwa sana Paris. Mpiga picha mmoja kutoka Munich, Franz Hanfstaengl, alionyesha picha mbili za mtu yule yule. Moja ilikuwa imerekebishwa, nyingine imeachwa ilivyo. Watu walishangaa. Fikiria, picha za kamera zilikuwa na umri wa miaka kumi na sita tu tangu zitangazwe hadharani mwaka 1839, na tayari mtu alikuwa amejifunza kuzidanganya.

Ujanja ulikuwa kwenye negativu, yaani kile kioo, na baadaye filamu, ambapo picha hutokea kinyume. Mahali penye giza usoni, kama mkunjo au doa, kwenye negativu panakuwa pepesi na mwanga unapita kwa urahisi. Kwa hiyo fundi alichukua penseli iliyochongwa ikawa kali kama sindano, akajaza ule wepesi kwa vialama vidogo vidogo. Ukichapisha picha, mkunjo unalainika. Akikandamiza kidogo, mkunjo unapungua. Akikandamiza sana, unapotea. Kila kitu kilikuwa kwenye uzito wa mkono.

Tena penseli haishiki kwenye kioo kinachoteleza. Kwa hiyo walipaka negativu aina ya vanishi ili uso wake uwe na meno kidogo, penseli ishike. Kumbuka hilo la meno, tutalirudia.

Na meza yao sasa! Ilikuwa fremu iliyoinama, katikati kioo, chini yake kitu cha kurudisha mwanga wa dirisha juu. Negativu inawekwa pale, inawaka kutoka nyuma, fundi anachora juu yake. Nilipoona picha ya hiyo meza nilicheka peke yangu. Hiyo ni tableti yenye skrini, ile ambayo leo tunaitamani na hatuwezi kuinunua. Watu walikuwa wanaikalia zamani za gari la farasi.

Lakini angalia nyuma ya zile picha za zamani za Ulaya na Marekani. Jina lililochapwa ni la studio. Fundi wa penseli hana jina, na wengi wao walikuwa wanawake. Waliketi wakahariri nyuso za watu wa miji mizima na hakuna anayewajua. Nikiwaza hivyo huwa naona ndugu zangu wa sasa wanaoediti harusi usiku kucha, halafu picha inatoka na jina la mpiga picha.

Penseli na brashi hazikuwa za urembo tu. Kuna picha maarufu ya Stalin akitembea kando ya mfereji wa Moscow na Volga, mwaka 1937, na kando yake Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wake wa siri. Mwaka 1940 Yezhov aliuawa na serikali hiyo hiyo. Picha ikatolewa tena, na pale alipokuwa amesimama Yezhov pakawa ni maji na ukuta tu. Hakukuwa na programu yoyote, ni mtu aliketi mezani na vifaa vyake vya mkono akamfuta mwenzake. Kwa hiyo mtu akikuambia picha za uongo zililetwa na kompyuta, mpe pole.

Na hata hapa kwetu kulikuwa na mafundi. Omar Said Bakor wa Lamu alijifundisha picha mwenyewe, akapiga picha barabarani kwa miaka, na miaka ya 1960 akafungua Bakor Studio. Alijulikana kwa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja, kazi ambayo leo tunaifanya kwa kuweka tabaka juu ya tabaka kwenye skrini. Yeye alifanya kwa mkono, pale kisiwani. Mimi nilimaliza shule nzima bila mtu kuniambia hiyo stori.

Sasa tuingie kwenye kompyuta. Na hapa kuna kitu kilinishangaza: kalamu ilikuja kabla ya mausi kuwa maarufu.

Mwaka 1963 mwanafunzi wa MIT, Ivan Sutherland, alitengeneza Sketchpad, programu ya kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Tatizo ni kwamba skrini ilikuwa imesimama. Jaribu kuinua mkono mbele ya uso wako dakika ishirini uone bega litasema nini. Mwaka uliofuata, 1964, shirika la RAND huko California likatoa tableti yake. Wazo lao lilikuwa hili: mkono ukae mezani, macho yabaki kwenye skrini. Ni wazo lile lile la tableti unayotaka kununua leo. Bei yake ilikuwa dola 18,000, pesa za wakati huo. Sehemu ya kuchorea ilikuwa kama inchi kumi kwa kumi, na chini yake nyaya nyembamba zilizopangwa mia moja kwa kila inchi.

Kwenye ncha ya kalamu ya RAND kulikuwa na swichi. Ukibonyeza imewaka, ukiachilia imezima. Basi. Kalamu ilirudi, lakini ule uzito wa mkono haukurudi.

Miaka hiyo hiyo Douglas Engelbart na Bill English, pia huko California, walikuwa wakiunda mausi. Engelbart aliionyesha hadharani Desemba 1968. Ilikuwa rahisi, haihitaji meza maalum, na mwaka 1984 ilipokuja na Macintosh ya Apple, dunia ikaizoea. Mausi ni kifaa kizuri cha kuonyesha na kuchagua, sina ubaya nayo. Lakini nayo ni kama swichi ya RAND: umebofya au hujabofya. Haijui neno "kidogo".

Sasa sikia kilichofuata. Mwaka 1987 Thomas Knoll alikuwa mwanafunzi wa PhD Michigan. Alipaswa kushughulikia masomo yake, akajikuta anaandika programu ya kuonyesha picha kwenye kompyuta. (Wazazi, mnaona? Kuacha kusoma kidogo wakati mwingine kuna faida. Nimesema wakati mwingine.) Ndugu yake John alifanya kazi Industrial Light & Magic, wale wa sinema. Baba yao alikuwa na chumba cha giza nyumbani, kile cha kusafishia picha. Wakaijenga pamoja ile programu, Adobe wakaichukua, na Februari 1990 ikatoka Photoshop ya kwanza.

Fungua Photoshop yako sasa hivi uangalie vifaa viwili, cha kung'arisha na cha kutia giza. Kimoja kina picha ya kitu cha duara kwenye kijiti. Kingine ni mkono uliokunjwa. Miaka mingi mimi nilidhani ni mapambo. Kumbe ni chumba cha giza kabisa! Mwanga unapomulika karatasi, fundi alishika kipande cha karatasi ngumu kwenye waya kuzuia mwanga mahali fulani ili pabaki peupe, au akakunja mkono kuacha tundu dogo ili mahali pengine pazidi kuwa peusi. Sekunde mbili, tatu, anatikisa mkono ili pasionekane mpaka. Yaani kidogo kidogo.

Kwa hiyo programu ilibeba akili ya chumba cha giza na ya penseli. Lakini wengi wetu tuliiendesha na kifaa kisichojua kidogo. Hapo ndipo nilimuelewa yule mama. Nilikuwa nimeshika kazi ya penseli kwa kutumia swichi. Kila nilipogusa ule mstari wa mdomo, mausi ilifuta kwa nguvu ile ile, mwanzo hadi mwisho. Ndiyo, unaweza kushusha nguvu ya brashi kwa kuandika namba, na kuna watu wanafanya kazi safi na mausi. Lakini unasimama, unabadilisha, unaanza tena. Saa nane usiku, pesa ni kidogo, husimami. Unafuta tu.

Waliorudisha uzito wa mkono, kwa kiwango ambacho mtu wa kawaida angeweza kukipata, ni hasa Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1983. Mwaka 1984 walitoa tableti yenye kalamu isiyo na waya. Njia yao ni tamu ukiielewa: ubao unatuma mawimbi ya sumaku-umeme, ndani ya kalamu kuna koili inayoyapokea na kuyarudisha, na ubao unajua kalamu iko wapi na inakandamizwa kiasi gani. Kalamu inapata nguvu kutoka kwa ubao wenyewe, haihitaji betri. Mwaka 1998 tableti yao ya Intuos ilikuwa na viwango 1024 vya presha. Baadaye vikawa 2048, halafu 8192. Leo kuna kampuni kama Huion na XP-Pen zinazouza vifaa vya aina hiyo kwa bei ambayo mtu wa Umoja au Kahawa anaweza kujipanga akanunua. Kutoka dola 18,000 hadi pesa ya simu ya kawaida. Hiyo ni safari.

Sasa turudi kwa jamaa wa duka na 8192 yake.

Picha ya kawaida ya JPEG ina viwango 256 vya kila rangi: nyekundu, kijani, bluu. Mkono wako ukitoa viwango 8192 vya presha, kazi inatua kwenye picha yenye hatua chache zaidi ya hizo. Na watu walifanya kazi za ajabu na 1024. Kwa hiyo hiyo namba usiilipie zaidi. Cha kuuliza ni kile alichohitaji fundi wa penseli: ikiguswa kwa wepesi kabisa, inasikia?

Ukienda dukani omba waiunganishe, usikubali kununua boksi. Fanya mambo haya.

Gusa kama unamgusa mtoto aliyelala. Tableti mbaya haioni kitu mpaka ukandamize, halafu ghafla inaruka. Hapo katikati ndipo ngozi ya mtu inapokaa. Ikikosa hapo, ni mausi iliyovaa suti.

Kisha chora mstari wa kuinama, polepole sana. Ukitetemeka kama mawimbi wakati mkono wako umetulia, iache.

Pili, saizi. Usinunue kubwa kwa sababu ni kubwa. Tableti yenye upana wa sentimita 15 ukiiunganisha na skrini ya sentimita 50, mkono ukisogea sentimita moja, mshale unasogea zaidi ya tatu. Kwa skrini kubwa hiyo ni taabu. Lakini kama una laptopu ya kawaida, na unavuta picha karibu ndipo unaediti, ndogo au ya kati inatosha, na inaingia kwa begi. Kubwa sana inataka bega lote, na meza ambayo bedsitter yako haina. Hakikisha pia kwenye mipangilio kwamba umbo la tableti linalingana na la skrini. La sivyo utachora duara ikatoka yai.

Tatu, kalamu. Isiyo na betri ni bora, haikuzimikii katikati ya kazi. Unakumbuka yale meno ya vanishi? Tableti nyingi nazo zina uso wenye meno kidogo ili kalamu isiteleze. Meno hayo hula ncha. Uliza kama ncha za akiba zinapatikana, na bei yake.

Nne, kama ni ya mtumba, hakikisha draiva yake bado inafanya kazi kwenye mfumo wa kompyuta yako kabla pesa haijatoka. Nimeona mtu amebaki na ubao wa kukatia nyanya.

Na yenye skrini? Ni nzuri, ni ile meza ya mafundi wa zamani. Lakini kwa kuediti picha si lazima. Ile ya kawaida, mkono mezani macho mbele, itakusumbua wiki moja mbili, halafu mkono utajua njia wenyewe. Bakisha hiyo pesa ununue diski ya kuhifadhi kazi.

Nne hizo zinatosha kwa ununuzi. Lakini kuna jambo ambalo hakuna tableti itakufanyia. Mteja atakuja aseme, "Mfanye awe mweupe kidogo." Mwingine atataka pua iwe nyembamba. Kalamu yenye presha nzuri itafanya hayo vizuri zaidi kuliko mausi, vizuri mpaka mtu asione. Yule aliyemfuta Yezhov alikuwa fundi mzuri. Siku hizi mimi nauliza kwanza: nitoe kilichokuja jana, au nitoe kilicho chake? Chunusi ilikuja jana, nitaitoa. Kivuli kililetwa na simu, kitoke. Rangi yake na mistari yake, hapana, labda mwenyewe aniambie, na hata hapo nitajaribu kumbembeleza. Nimepoteza wateja wawili kwa hilo. Sijutii sana. Kidogo tu, mwisho wa mwezi.

Mwishowe nilinunua ndogo, iliyotumika, kwa elfu nne na mia tano. Jamaa wa 8192 hakufurahi. Kazi ya kwanza niliyoifanya nayo haikuwa ya pesa. Nilikuwa bado na ile picha ya mzee, ya asili, yenye kreti za soda. Nikaianza upya. Nikatoa kreti, nikainua mwanga kidogo kidogo usoni, na ule mstari wa kando ya mdomo nikauzunguka kwa kalamu bila kuugusa.

Nikachapisha moja, nikampelekea mama. Ilikuwa miezi saba baadaye. Alivaa miwani, akaipeleka dirishani, akakaa nayo. Mimi nilibaki mlangoni sijui niweke mikono wapi.

"Hapa amechoka," akasema.

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Hapana. Ndiye. Ingia unywe chai."